Gari Linagonga Mbele: Utafute Mlio Kabla ya Kununua Kipuri

Gari kuukuu likianza kugonga mbele, watu wengi hukimbilia dukani kununua shokapu. Shokapu zinafungwa, mlio unabaki. Zinafuata bushi, kisha tairodi endi, kisha chochote ambacho fundi wa siku hiyo amekitaja, na mwisho wa mwezi mwenye gari ana boksi la vipuri vilivyotolewa, nusu yake vizima, na gari linagonga palepale. Gharama hiyo inaepukika. Shikilia jambo moja tu: usibadilishe kitu mpaka umeutoa mlio huo gari likiwa limesimama, na mkono wako uko juu ya chuma kinachocheza.

Nasema mkono kwa sababu sikio hudanganywa. Chesisi ni chuma kirefu kisichokatika, na mgongano unaotokea mwisho mmoja husafiri hadi mwisho wa pili. Shakeli, yaani vile vibao viwili vya chuma vinavyobembea mwishoni mwa springi, ikilegea upande wa kushoto unaweza kuisikia chini ya pedali za dereva aliyekaa kulia. Sikio litakwambia ni mlio wa aina gani na unatokea wakati gani, na hayo ni mambo makubwa. Mahali unapotoka ni kazi ya macho na vidole.

Mfano wangu ni pikapu ya Land Cruiser ya 75, kwa sababu bado zimejaa mashambani, migodini na mbugani, na kwa sababu sehemu zake za mbele ziko wazi, hazijafichwa na chochote. Toyota ilianza kutoa familia ya 70 mwaka 1984, na pikapu zake zilibeba mbele springi za mabapa ya chuma yaliyopangwa mpaka 1999, mwaka ambao mbele palipewa springi za koili. Kwa hiyo 75 yoyote unayoiona leo imetimiza robo karne, na nyingi zimetumia miaka hiyo kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, kama ile inayoteremka kutoka Ngorongoro kwenda Naabi. Mwenye Canter, au Hilux ya zamani yenye ekseli nzima mbele, atakuta karibu kila neno hapa linamhusu.

Kwanza, usilioshe. Najua fundi msafi hupenda gari safi, na siku ya kufunga vipuri litaoshwa. Lakini tope na vumbi ni mashahidi. Chuma kinachosugua chuma hung'aa, na mng'ao huo utauona vizuri zaidi ukiwa umezungukwa na uchafu mkavu. Bolti inayocheza ndani ya tundu lake hutoa ungaunga mwekundu wa kutu unaochirizika kuanzia ukingo wa washa. Mpira uliopasuka huacha vipande vyeusi juu ya chuma kilicho chini yake. Ingia chini na tochi, tazama polepole, piga picha kwa simu. Ukipitisha maji ya presha kwanza, ushahidi wote unaishia mtaroni.

Kisha uujue mlio kabla ya kuutafuta. Tafuta kipande cha barabara unachokifahamu, chenye shimo na kokoto, ukiendeshe kwa mwendo uleule mara kadhaa huku ukibadilisha jambo moja tu kila mara. Kanyaga breki kidogo sana, kiasi cha kugusa tu, unapopita kwenye kokoto. Kama mlio mwepesi wa kata-kata-kata unanyamaza papo hapo, springi hazina kosa. Ni pedi zinazocheza ndani ya kalipa, na mara nyingi kibati au pini ya kuzibana haipo, kwa kuwa mtu aliyebadilisha pedi mara ya mwisho hakuirudisha. Kuna magari yaliyofumuliwa mbele nzima kwa ajili ya kibati hicho.

Mlio mzito wa mara moja, du!, unaokuja ukishika breki na kurudi tena ukiondoka au ukirudi nyuma, una maana ekseli inahama. Hapo orodha ni fupi: yubolti zimelegea, senta bolti imekatika, bushi za springi zimekwisha, au bapa kuu limevunjika. Mlio wa kugonga kwa haraka unaokuja kwenye kona ya kukata kabisa unaelekea kwenye sivi jointi. Kwa 75 yenye habu za kufunga kwa mkono hili ni rahisi kulithibitisha: fungulia habu zote mbili, gari likiwa kwenye magurudumu mawili ya nyuma, ukate kona ileile. Habu zikiwa wazi ekseli ya ndani haizungushwi na gurudumu, wala propela ya mbele. Mlio ukitoweka, umeondoa nusu nzima ya gari kwenye uchunguzi bila kushika spana.

Mlio unaofuata mzunguko wa gurudumu, unaokwenda haraka gari likienda haraka na polepole likipunguza, usiutafute kwenye bushi. Angalia tairi lenye uvimbe, nati za gurudumu, na beringi. Beringi ya habu iliyochoka kwa kawaida huunguruma, na mngurumo hubadilika unapolipeleka gari huku na huku kwa upole.

Mwisho wa safari hii ya majaribio, panga kibao au jiwe bapa na ulipandishe gurudumu la kushoto peke yake, halafu la kulia peke yake, halafu yote mawili pamoja. Kama gari lako lina stabilaiza, kumbuka kwamba chuma hicho hufanya kazi pale upande mmoja unapopanda zaidi ya mwingine. Mlio unaokuja kwa gurudumu moja na kunyamaza yote mawili yakipanda sawa unakupeleka kwenye linki na bushi za stabilaiza, ambazo ni vipuri vya bei nafuu kuliko karibu vyote vilivyopo mbele.

Sasa simamisha gari mahali pa tambarare. Sitaandika lolote kuhusu kuingia chini kabla ya kusema hili: jeki ni ya kuinulia, haikai na mtu chini yake. Weka mawe au kabari kwenye magurudumu ya nyuma pande zote, tumia stendi za chuma au magogo mapana ya mti mgumu. Tofali la saruji lisitumike kabisa, kwa sababu hupasuka ghafla bila kutoa dalili.

Jaribio la kwanza, hata hivyo, halihitaji jeki. Magurudumu yote yawe chini, yakibeba uzito. Mwenzako akae kwenye usukani, injini ikiwa inawaka kama usukani ni wa pawa, gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa. Autingishe usukani kushoto na kulia kidogo tu, kama robo ya mzunguko, bila kusimama. Wewe uwe pembeni, mbali na njia ya tairi, ukipitisha mkono kwenye kila kiungo: mwanzo wa draglinki kwenye mkono wa stelingi boksi, mwisho wake, tairodi endi zote mbili, na dampa ya usukani pamoja na bushi zake. Kiungo kizima husukuma na kuvuta pamoja na mwenzake. Kilichokwisha huchelewa, na ule mchelewo utausikia kwenye kiganja kama mguso mdogo kabla ya chuma cha pili kuanza kwenda. Shika pia boksi lenyewe la stelingi. Likitikisika kwenye chesisi, acha mengine yote ulishughulikie hilo.

Hapo hapo utazame kifundo kinachogeuza gurudumu. Kwenye Land Cruiser na Hilux za ekseli nzima, mkono wa usukani umefungwa kwenye kifundo kwa stadi nne zenye washa za umbo la pia, zinazoingia kwa kubana kwenye matundu yake. Nati zake zikilegea, mkono huo huanza kucheza, stadi hupokea mapigo ambayo hazikutengenezewa, na mwisho hukatika. Mlio wake hufanana kabisa na wa tairodi iliyokwisha, na ndiyo maana watu hubadilisha tairodi na kuendelea na safari wakidhani wamepona. Ukiona mstari wa kutu au grisi mbichi kuzunguka sehemu hiyo, au washa moja imechomoza kuliko wenzake, gari lisitembee. Mkono huo ukiachia, usukani hauna tena kinachouunganisha na magurudumu.

Inua sasa upande mmoja, uweke stendi chini ya ekseli. Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki kwa nguvu na urudie. Breki huunganisha habu na kifundo viwe kitu kimoja, kwa hiyo mchezo uliotoweka ulikuwa wa beringi za habu, na mchezo uliobaki ni wa beringi za kifundo, au wa kingpini ukiwa na Canter. Jaribio hili la dakika mbili huokoa pesa nyingi, kwa sababu beringi za habu za 75 mara nyingi hazihitaji kununuliwa. Zinahitaji kukazwa upya. Ndani kuna nati mbili, ya kurekebisha na ya kufungia, na kati yake washa yenye ulimi wa kukunja, na soketi yake ni ya milimita 54. Fundi anayezigonga kwa tindo na nyundo badala ya soketi anakuharibia, na dalili utaziona mwenyewe: kona za nati zimeliwa.

Shika tena tairi, safari hii kushoto na kulia. Mchezo hapa ni wa usukani, na kama umelifanya vizuri jaribio la kwanza, tayari unajua ni wa kiungo kipi.

Kwa Hilux yenye tosheni ba na mikono miwili kila upande, ongeza boljointi. Ingiza mtalimbo chini ya tairi na uinue, mwenzako akitazama kila boljointi kwa tochi. Fanya hivyo mara mbili, jeki ikiwa chini ya chesisi na kisha ikiwa chini ya mkono wa chini karibu na gurudumu, kwa sababu boljointi iliyobanwa na uzito huficha ulegevu wake wote.

Springi ndizo zinazohitaji subira yako kuliko kitu kingine, maana ndiko mlio wa magari haya hujificha mara nyingi zaidi. Anza na kipimo. Simama mbele ya gari likiwa tambarare na bila mzigo, pima toka katikati ya habu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Tofauti ya kuonekana kwa macho ina maana upande mmoja umechoka au una bapa lililovunjika. Halafu pima kutoka katikati ya habu ya mbele hadi ya nyuma, pande zote mbili, magurudumu yakiwa yamenyooka. Senta bolti ndiyo inayoikalisha ekseli mahali pake juu ya springi. Ikikatika, ekseli upande huo hurudi nyuma kidogo, gari huanza kuvuta upande mmoja kwenye breki, na watu wengi hulipeleka kwa fundi wa kubalansi magurudumu.

Bapa lililovunjika si rahisi kuliona, kwani mara nyingi hukatika chini ya bamba la yubolti, pale katikati ambapo kila kitu kimebanwa. Tazama pembeni: bapa zima hupangika sawasawa juu ya lenzake, lililovunjika husogea upande au huacha mwanya usiolingana. Klipu zinazoshika mabapa yasitawanyike nazo zina mlio wake, ka-ka-ka nyepesi kwenye kokoto, na dawa yake ni kuzikaza au kuzirudisha zilizodondoka.

Bushi za springi na shakeli zijaribu kwa mtalimbo. Gari likiwa limesimama kwenye stendi zilizowekwa chini ya chesisi, ekseli ikining'inia na jeki ikiishikilia kidogo kwa chini, ingiza ncha ya mtalimbo kati ya shakeli na kikombe chake, upinde taratibu huku na huku. Mpira mzima hupinda na kurudi bila sauti. Mpira uliokwisha huruhusu chuma kigonge chuma, na hapo hatimaye utausikia mlio uleule unaokuudhi barabarani, gari likiwa limesimama na wewe ukiwa umelishika kosa kwa mkono. Fanya miisho yote minne. Usiishie kwenye wa kwanza uliolegea, kwani gari la umri huu mara nyingi huwa na mawili yanayogonga, na dogo hufichwa na kubwa.

Mlio wa kulia, kwii-kwii, una kipimo chake cha pekee: maji ya sabuni. Weka kwenye chupa, nyunyiza sehemu moja tu, kwa mfano bushi ya nyuma ya springi ya kushoto, kisha litikise gari kwa kulisukuma kwenye bampa. Kama linaendelea kulia, nenda sehemu inayofuata. Linapotulia umefika, hata kama litalia tena likikauka. Usiwe na haraka ya kunyunyiza kila kitu kwa mara moja, utaua mlio bila kujua ulikuwa wapi. Na tafadhali usitumie oili chafu wala dizeli kwenye mpira, ingawa desturi hiyo imeenea. Mafuta huula mpira, na ukimya wa wiki mbili unakuletea bushi iliyovimba na kulainika. Canter na malori yenye pini za shakeli zinazopokea grisi ni habari nyingine. Hizo zipige grisi mpaka mpya ichomoze, na kama nipo ya kupitishia grisi imeziba, iondoe uisafishe kabla ya kulaumu pini. Kingpini nazo upige grisi gurudumu likiwa limeinuliwa, ili grisi ifike na upande uliokuwa umebanwa na uzito.

Shokapu nimeziweka mwisho kwa makusudi. Ishike kwa mkono mwenzako akilitikisa gari, usikie kama bushi zake za juu na chini zinagonga. Ukibaki na shaka, na umeshapita kote huko, fungua mwisho mmoja, ifunge pembeni kwa waya isining'inie, uendeshe kwa mwendo wa mtu anayetembea kwenye uwanja wenye mashimo. Gari litanesa, na mlio ama utakuwepo ama hautakuwepo. Jibu hilo ni la uhakika kuliko neno la muuza duka.

Kuna milio isiyotoka kwenye springi kabisa lakini hujifanya yake. Mipira ya kubebea kabini ikipasuka, kabini hupiga chesisi kwenye kila shimo. Bomba la ekzosi hugusa fremu, betri hucheza kwenye sahani yake, jeki iliyo nyuma ya kiti hurukaruka, mauntingi ya injini iliyokatika hugonga ukiachia klachi. Zunguka gari na nyundo ya mpira au ngumi, ugonge kila kilichofungwa: bampa, bati la chini, taa, hatua ya kupandia. Ni kazi ya robo saa.

Ufa wa chesisi uutafute kwa bidii, hasa kuzunguka stelingi boksi na vikombe vya springi, na hasa kama gari limefanya kazi pwani, kati ya Tanga na Mombasa, au limebeba samaki na maji yao ya chumvi. Safisha eneo dogo kwa brashi ya waya, paka mafuta ya taa, subiri yaingie, futa mpaka pakauke, kisha paka unga wa chaki. Likanyage na kulitikisa gari. Penye ufa mafuta hurudi nje na kuchora mstari mweusi kwenye weupe wa chaki. Ufa kama huo si wa kuwekewa kipande cha bati na kuchomelewa juu juu. Peleka kwa mchomeleaji anayejua chesisi, aufuate ufa mzima hadi ncha zake zote mbili.

Kama bado hujapata, chukua rangi ya kucha. Chora mstari unaopita juu ya nati, washa na chuma kilicho chini yake, kwenye kila bolti ya mbele unayoishuku. Endesha siku mbili tatu kwenye kazi yako ya kawaida. Mstari uliokatika ni bolti iliyohama, na hakuna fundi atakayebishana nawe juu ya hilo.

Ukienda gereji, usimwambie fundi abadilishe nini. Mwambie, "Fundi, shakeli ya kushoto inagonga nikiipinda kwa mtalimbo, njoo uione." Fundi mzuri hufurahia mteja wa namna hiyo, na yule asiyetaka kuja kuona ameshakujibu.

Katika kufunga kuna kosa moja linalorudia kila mahali, na ndilo linalofanya bushi mpya zife ndani ya miezi. Bolti za bushi za mpira hukazwa mara ya mwisho gari likiwa chini, magurudumu yakibeba uzito, baada ya kulinesanesa lijikalishe. Ukizikaza kabisa springi ikiwa inaning'inia, mpira unafungwa katika hali hiyo, na ukilishusha gari unajikuta umesokotwa siku zote, mpaka unachanika. Simama hapo gereji uhakikishe. Ukichagua bushi za uretani, zile za rangi rangi, zidai grisi yake maalumu wakati wa kufunga, la sivyo zitalia kwa sauti kuliko zilizokwisha.

Yubolti zilizovutika usizirudishe. Mpya zikazwe kwa kupishana, kona kwa kona, kidogo kidogo, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Zikazwe tena baada ya siku ya kwanza ya kazi, na tena baada ya kilomita 500 hivi, kwa sababu mabapa hujipanga upya na kuziachia. Andika tarehe na kilomita hizo kwenye karatasi uibandike ndani ya mlango wa dereva, maana atakayekuwa analiendesha gari siku hiyo huenda asiwe wewe.